Kumfundisha Mtoto Kiziwi Katika Darasa la Kawaida

Utangulizi

Mwalimu anayehitimu mafunzo yake hana budi kutarajia kwamba, katika miaka yake ya mwanzo kazini, atamkuta darasani mtoto asiyesikia au anayesikia kwa shida. Aghalabu hataarifiwa mapema. Jina la mtoto huyo litakuwa katika daftari la mahudhurio pamoja na majina mengine, naye atakuwa ameketi kwenye dawati la nyuma, kimya, asiyemsumbua mtu. Kwa sababu hasumbui, ni rahisi kumsahau. Na akisahauliwa kwa mwaka mmoja, miwili, mitatu, atatoka shuleni akiwa hajui kusoma, hajui kuhesabu na, lililo baya kuliko yote, akiwa hana lugha kamili ya kufikiria na kuzungumza na wenzake.

Makala haya tumeyakusudia kwa wanachuo wanaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Tutaanza kwa kueleza kiziwi ni nani na jinsi ya kumtambua. Kisha tutaonyesha kwa nini kusoma midomo peke yake hakutoshi, na Lugha ya Alama ni kitu gani. Baada ya hapo tutatoa kanuni za kufuata darasani pamoja na mfano wa somo, na mwisho tutataja mipaka ya yale ambayo mwalimu wa darasa la kawaida anaweza kuyafanya.

Kiziwi ni nani?

Uziwi una daraja nyingi. Wako watoto wasiosikia kitu chochote, na wako wanaosikia sauti nzito lakini hawapambanui maneno. Wengine wamezaliwa hivyo. Wengine walikuwa wakisikia, kisha wakapoteza usikivu kwa maradhi kama homa ya uti wa mgongo, surua, au usaha wa masikio uliodumu bila tiba. Baadhi ya dawa nazo, kama streptomaisini, na hata kwinini ikizidi kipimo, huweza kudhuru masikio. Ni muhimu mwalimu ajue mtoto alipoteza usikivu akiwa na umri gani. Yule aliyekwisha kujua kusema kabla ya kuugua anayo lugha tayari. Aliyezaliwa kiziwi katika nyumba ya watu wanaosikia huenda akaingia Darasa la Kwanza akiwa hajapata lugha yoyote, ila ishara chache za nyumbani za kuombea chakula na maji.

Katika vijiji vyetu mtoto wa namna hii mara nyingi huitwa “bubu”, na pengine jina hilo humshika hata jina lake halisi likapotea. Yatupasa tuliache. Ulimi wa mtoto huyu hauna kasoro; hasemi kwa sababu hajapata kusikia maneno ya kuyaiga. Viziwi wenyewe wamelikubali neno “kiziwi”, na chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania. Lakini darasani mtoto aitwe kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Dalili na uchunguzi

Mwalimu si daktari, lakini ana macho. Amtazame kwa makini mtoto mwenye dalili hizi:

(a) Haitiki anapoitwa kutoka nyuma, ila huitika anapoona mdomo wa mwalimu.
(b) Huwatazama wenzake kwanza kabla ya kutii agizo, kisha huwaiga.
(c) Hutoa majibu yasiyohusiana na swali.
(d) Masikio yake hutoa usaha, au hulalamika kwamba yanauma au yanavuma.
(e) Hupita mbele ya wakubwa bila kuitikia wala kutoa shikamoo, hata akahesabiwa kuwa hana adabu.

Dalili hii ya mwisho tunaisisitiza. Watoto wengi wameadhibiwa kwa kiburi ambacho hawanacho. Kabla ya kumwadhibu mtoto asiyeitikia, mwalimu ajiulize kwanza kama amesikia.

Wengine husema, “Mtoto huyu husikia akitaka, maana nilipogonga meza aligeuka.” Hoja hiyo haina nguvu. Mgongo wa meza hupeleka mtikisiko sakafuni na kwenye madawati, na mtoto huuhisi kwa mwili wake. Zaidi ya hayo, sauti za ngoma na za irabu ni nzito na zina nguvu, ilhali konsonanti nyingi ni nyembamba na hafifu. Mtoto anayesikia sehemu tu ya sauti huweza kupata irabu na kuzikosa konsonanti. Kwake yeye maneno “pika”, “fika”, “shika” na “zika” yote ni “i–a”. Anasikia kwamba mwalimu amesema, hasikii alilosema.

Uchunguzi mwepesi unaweza kufanywa mahali palipo kimya. Mwalimu apange mezani picha sita za vitu ambavyo mtoto anavijua. Asimame umbali wa hatua tatu, aufunike mdomo wake kwa karatasi, kisha ataje kitu kimoja kwa sauti ya kawaida, na mtoto aonyeshe picha yake. Arudie kwa vitu vyote, bila kufuata mpangilio. Akikosea mara nyingi, mzazi aitwe na mtoto apelekwe kwenye kituo cha afya au hospitali ili apimwe. Mzazi aonywe asitie mafuta, majani wala kijiti masikioni.

Hapo hapo tungependa kuwatahadharisha wanachuo juu ya mtego mmoja. Tulipokuwa tukisimamia mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kijijini, tulionyeshwa madaftari ya Darasa la Pili. Daftari lililopendeza kuliko yote lilikuwa la msichana aliyeketi nyuma. Hati yake ilikuwa safi, na kila sentensi ilikuwa imepata alama ya vema. Mwanachuo wetu akachukua sentensi mojawapo kutoka katika daftari hilo, “Ng’ombe anakula majani,” akamwomba msichana aichore. Msichana akaitazama sentensi, akamtazama mwanachuo, kisha akaanza kuinakili upya kwa hati ileile nzuri. Alikuwa kiziwi. Kwa mwaka mzima na zaidi alikuwa akinakili maumbo ya herufi bila kujua kwamba yana maana, na kila alama ya vema ilimthibitishia kwamba kunakili ndiko kusoma. Usahihi wa daftari, basi, si ushahidi wa kuelewa. Mtoto apewe nafasi ya kuonyesha maana: achore, achague picha, atende, aunganishe neno na kitu.

Kusoma midomo na mipaka yake

Watu wengi hudhani kwamba kiziwi akitazama midomo ya msemaji ataelewa kila kitu. Hebu tulipime jambo hili kwa lugha yetu wenyewe. Simama mbele ya kioo, useme bila sauti: “baba”, “papa”, “mama”. Midomo inafunga na kufunguka kwa namna moja katika maneno yote matatu. Kadhalika “pata” na “bata” havitofautiani machoni. Sauti nyingine, kama k, g na h, hutokea nyuma ya kinywa au kooni, mahali ambapo jicho halifiki.

Hatari ni kubwa zaidi katika Kiswahili kwa sababu lugha yetu huweka uzito mkubwa katika silabi na sauti ndogo zilizo mwanzoni mwa neno. “Atakuja” na “hatakuja” hutofautishwa na sauti moja tu, nayo haionekani mdomoni. Mtoto anayetegemea midomo hawezi kujua kama mgeni yuaja au haji. “Amelala” na “wamelala” hupishana kwa mviringo mdogo wa midomo unaopita haraka. Basi mwalimu anaposema, “Nimemweleza mara tatu lakini haelewi,” pengine kweli amesema mara tatu, lakini kwa njia ambayo mara zote tatu haikuibeba tofauti iliyokusudiwa.

Kusoma midomo ni msaada, hasa kwa mtoto ambaye tayari anaijua lugha na anaweza kukisia kutokana na maneno yanayozunguka. Kwa mtoto ambaye bado hana lugha, ni kumtaka akisie kitu asichokijua.

Lugha ya Alama

Lugha ya Alama si maigizo, wala si Kiswahili kilichotiwa mikononi. Ni lugha kamili yenye msamiati wake na sarufi yake. Kila alama hujengwa kwa umbo la mkono, mahali inapofanyiwa, mwendo wake na uelekeo wa kiganja. Uso nao hufanya kazi ya sarufi, kama vile kuonyesha kwamba msemaji anauliza au anakanusha. Mwaka 1960 mtaalamu wa Marekani, William Stokoe, alichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba alama za viziwi wa nchi yake zina muundo kama wa lugha nyingine. Wala hakuna lugha moja ya alama kwa dunia nzima. Sisi tunayo Lugha ya Alama ya Tanzania, na majirani zetu wa Kenya na Uganda wana zao.

Historia ya elimu ya viziwi ina funzo kwa mwalimu. Mwaka 1880, katika mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, iliazimiwa kwamba usemi wa mdomo utangulizwe na alama ziachwe. Kwa miongo mingi iliyofuata, katika nchi nyingi watoto viziwi walikatazwa kutumia mikono yao shuleni. Ilikuwa hadi mwaka 2010, katika mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi uliofanyika Vancouver, Kanada, ndipo maazimio hayo yalipokataliwa rasmi na majuto kutolewa kwa madhara yaliyotokea. Miaka 130 ilikuwa imepita.

Afrika nayo ina historia yake. Mwaka 1957 Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe, alianzisha shule ya viziwi nchini Ghana, kisha akaendelea kufungua nyingine katika nchi mbalimbali za bara hili. Hapa kwetu shule ya viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963, na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka dola ikuze lugha ya alama kwa ajili ya viziwi, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

Bado tunakutana na wazazi, hata na walimu, wanaoogopa kwamba mtoto akifundishwa alama hatajifunza kusema. Hofu hii haina msingi. Lugha humfungua mtoto akili. Akishajua kwamba kila kitu kina jina, na kwamba yaliyopita na yajayo huweza kusimuliwa, huwa tayari kupokea kusoma, kuandika na, ikiwa masikio yake yanaruhusu, kusema pia. Kinachomzuia mtoto ni kukosa lugha katika miaka ya utotoni, maana miaka hiyo ikipita bila lugha, pengo lake ni gumu mno kuzibika.

Kanuni za darasani

Pengine mwanachuo atasema, “Nina watoto sabini, nitawezaje kuliacha darasa zima kwa ajili ya mmoja?” Tunamjibu kwamba hatakiwi kuliacha. Mvua kubwa inaponyesha juu ya paa la mabati, mwalimu hasikiki hata kwenye dawati la pili. Je, husimamisha kazi? Huandika ubaoni, huonyesha kwa mikono, hupita kati ya madawati, na watoto wote hufuata. Ujuzi huo anao tayari. Tunachomwomba ni kuutumia hata siku ya jua. Afuate kanuni hizi:

1. Mtoto aketi karibu na mbele, upande mmoja wa darasa, ili aweze kumwona mwalimu na pia kugeuka kuwaona wenzake wanapojibu.

2. Mwanga uangukie uso wa mwalimu. Asisimame akilipa dirisha mgongo, kwani uso wake utakuwa kivuli.

3. Asiseme akiwa ameelekea ubaoni. Aandike kwanza, ageuke, kisha aseme.

4. Aseme kwa mwendo na sauti ya kawaida. Kupiga kelele hupotosha umbo la midomo na humfanya mtoto adhani anagombezwa.

5. Kabla ya kusema, apate macho ya mtoto kwa kupunga mkono au kumgusa begani kwa upole. Asimrushie chaki.

6. Mwanafunzi mwingine anapojibu, mwalimu amwonyeshe kwa mkono, kisha alirudie jibu akielekea darasa na kuandika neno lake kuu ubaoni.

7. Asiulize, “Umeelewa?” Mtoto kiziwi, kama mtoto yeyote, ataitikia kwa kichwa ili aachwe. Ampe jambo la kutenda.

8. Imla isimpite. Badala ya kumsomea maneno, amwonyeshe picha, alama au herufi za vidole, naye aandike.

9. Darasa zima lifundishwe alama chache kila siku, kwa dakika tano: salamu, majina, vitenzi vya kila siku. Asiyejua kuzungumza na mwenzake hawezi kucheza naye, na mtoto asiye na wa kucheza naye yuko peke yake hata katikati ya watoto sabini.

Kanuni iliyo mama wa hizi zote ni hii: macho hayagawanyiki. Mtoto anayesikia anaweza kuitazama mbegu huku akimsikiliza mwalimu. Mtoto kiziwi akiitazama mbegu hamwoni mwalimu, na akimtazama mwalimu haioni mbegu. Kwa hiyo mwalimu aonyeshe, anyamaze mpaka macho ya mtoto yarudi kwake, ndipo aseme. Mapumziko hayo mafupi huwafaa hata watoto wengine, maana nao hupata nafasi ya kufikiri.

Kuhusu alama zenyewe, mwalimu asijibunie za kwake. Ajifunze kwa viziwi watu wazima walio katika mtaa au mji wake, na kwa matawi ya chama chao. Kiziwi mtu mzima anapoingia darasani, huwafundisha watoto wote alama, naye mtoto kiziwi huona, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba viziwi hukua na kuwa mafundi, wakulima na walimu.

Mfano wa somo

Somo: Sayansi, Darasa la Tatu. Muda: dakika 40. Mada: Mahitaji ya mbegu ili iote. Lengo: Kila mwanafunzi aweze kuonyesha kwamba mbegu huhitaji maji ili iote.

Zana: makopo mawili yaliyoandaliwa siku tano kabla, moja lenye maharage katika pamba yenye maji, la pili lenye maharage katika pamba kavu, kadi za manila zenye maneno mbegu, pamba, maji, imeota, haijaota.

Hatua ya kwanza (dakika 5). Mwalimu ainue mbegu bila kusema. Watoto waitazame. Kisha ainue kadi ya “mbegu”, atoe alama yake, na kutaja neno. Watoto wote warudie alama na neno. Afanye vivyo hivyo kwa pamba na maji.

Hatua ya pili (dakika 15). Makopo yapitishwe katika vikundi. Mwalimu asiseme lolote wakati watoto wanatazama. Macho yakisharudi mbele, aulize kwa uso na mikono pamoja na maneno: “Kopo gani limeota?” Mtoto kiziwi aweze kujibu kwa kidole, sawa na wengine.

Hatua ya tatu (dakika 10). Mwalimu aziweke kadi za “imeota” na “haijaota” juu ya meza na kuwaita watoto waziweke penye kopo linalostahili. Hapa ndipo pa kulitilia mkazo lile tulilolisema juu ya ukanushi. Anapoonyesha “haijaota”, atikise kichwa, aguse silabi “hai-” katika kadi na kuonyesha pamba kavu. Mtoto ataiona tofauti ambayo hawezi kuisikia.

Hatua ya nne (dakika 10). Kila mtoto achore makopo mawili na kuandika chini ya kila moja neno lake. Mwalimu apite akikagua. Mtoto kiziwi akikosea mahali pa maneno, mwalimu ajue kwamba amenakili bila kuelewa, naye arudi naye kwenye makopo, si kwenye ubao.

Mwanachuo ataona kwamba katika somo hili mtoto kiziwi hakutengwa, wala wenzake hawakucheleweshwa. Somo limekuwa bora kwa wote.

Mipaka ya darasa la kawaida

Tusidanganyane. Kumweka mtoto kiziwi katika darasa la kawaida hakutoshi kuwa ushirikishwaji. Mtoto asiyesikia kabisa, na ambaye bado hana lugha, anahitaji kuishi kati ya watu wanaozungumza kwa alama: walimu wanaoijua lugha hiyo vema, na hasa watoto wenzake. Kwake yeye shule ya viziwi, au shule yenye kitengo cha viziwi, huenda ikawa ndiyo mlango wa lugha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitaka nchi ziwawezeshe watoto kujifunza lugha ya alama na kuajiri walimu wanaoijua. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inaitambua haki ya mtoto huyu kusoma shule ya kawaida, na wakati huohuo inazingatia hali ya mtoto anayehitaji mawasiliano maalumu.

Kwa hiyo, baada ya kumtambua mtoto, mwalimu amshauri mwalimu mkuu na wazazi juu ya mahali panapomfaa. Lakini nafasi katika shule maalumu ni chache, umbali ni mkubwa, na wazazi wengine hawana nauli. Wakati wote wa kusubiri, mtoto yumo darasani mwako, na siku zake zinahesabika. Mwalimu anayetaka kwenda mbali zaidi anaweza kusomea elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Asiyeweza kwenda huko aanze na alama kumi wiki hii.

Muhtasari

Mtoto kiziwi hana upungufu wa akili. Amefungiwa mlango mmoja, na mwalimu ana wajibu wa kumfungulia ule wa macho. Amtambue mapema, asidanganywe na hati nzuri, asitegemee midomo peke yake, aonyeshe kabla ya kusema, na alifundishe darasa lote kuzungumza na mwenzao.

Maswali na mazoezi

1. Kaeni wawiliwawili. Mmoja aseme bila sauti “baba”, “mama”, “papa”, “atakuja” na “hatakuja” bila kufuata mpangilio. Mwingine aandike anachokiona. Hesabuni makosa na mjadili sababu zake.

2. Chukua andalio la somo ulilolifundisha karibuni. Onyesha kila mahali ambapo mtoto kiziwi angelipotea, kisha ulisahihishe.

3. Mzazi anakataa mwanawe asifundishwe alama akisema zitamfanya asiseme kamwe. Utamjibu nini, na kwa heshima gani?

4. Mtafute kiziwi mtu mzima katika eneo la chuo chako. Jifunze kwake alama 20 zinazohitajika darasani, na uwafundishe wanachuo wenzako kabla ya mazoezi ya kufundisha kuanza.